UZITO WA KARATASI NA UZITO WA KWELI



Mvuta mkokoteni hahitaji shule ili ajue jambo hili. Mzigo ukikaa juu ya magurudumu, mkokoteni huenda. Mzigo ule ule ukisukumwa nyuma, mikono ya mkokoteni huinuka na mvutaji huning'inia. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Ina kiasi cha uzito inachoweza kubeba, na ina mahali uzito huo unapopaswa kukaa. Mkia ukilemewa, pua hupanda, na rubani huweza kushindwa kuishusha.

Wengi wetu tunaopakia mizigo tumezoea kuambiwa kwamba hesabu ni kazi ya ofisi, yetu ni kubeba tu. Neno hilo hatulikubali, na sababu ni hizi.

Tarehe 8 Januari 2003, katika mji wa Charlotte, Marekani, ndege ndogo iliruka na watu 21. Pua ilipanda kupita kiasi, na kabla dakika moja haijatimia ndege ilianguka. Hakupona hata mmoja. Wachunguzi walikuta makosa mawili yaliyokutana. La kwanza, kamba za chuma za kuongoza mkia zilikazwa vibaya usiku wa matengenezo. Fundi alikuwa hajapata kuifanya kazi ile katika ndege ya namna ile, na hatua kadhaa zilirukwa. Aliyekuwa akimfundisha ndiye pia aliyeikagua kazi hiyo na kuipitisha.

La pili, uzito wa karatasi haukuwa uzito wa kweli. Abiria hawakupimwa, kila mmoja aliandikiwa uzito wa kukadiria uliowekwa zamani. Kwa karatasi ndege ilikuwa salama. Kwa kweli ilikuwa imezidi, na mkia ulikuwa mzito kupita kipimo. Ilikuwa imekwisha safiri mara kadhaa na kasoro ile ya kamba bila kuanguka. Siku ilipojaa, ndipo ilipoanguka.

Wako watakaosema, basi tuiachie mashine. Tarehe 21 Julai 2020, huko Birmingham, Uingereza, mashine ya hesabu iliwafanya mabibi wasioolewa kuwa watoto, kwa kuwa waliotunga programu yake walikuwa katika nchi ambako jina lile la heshima hupewa msichana mdogo. Mtu mzima wa kilo 69 aliandikwa kilo 35. Karatasi ikapungukiwa kilo 1,244. Ndege ilifika salama, lakini rubani aliruka na hesabu isiyo ya kweli.

Nasi tusijitakase. Mfuko unaopitishwa pembeni ya mizani kwa ajili ya jamaa, au kwa chai, ni uongo ule ule. Rubani hauoni; yeye huiamini karatasi. Naye ni mfanyakazi kama sisi, na ana watoto.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake hatari kubwa anayoiona kazini. Lakini kibarua wa siku moja atasemaje, naye akijua kwamba kesho huenda asiitwe? Kwa hiyo twataka mambo haya yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri:

1. Mizani ikaguliwe mara kwa mara, na iliyoharibika isitumiwe.
2. Kila mpakiaji, hata kibarua, afundishwe kazi hii, na siku za mafunzo zilipwe.
3. Anayefundisha kazi asiwe ndiye mkaguzi wa kazi hiyo hiyo.
4. Mpakiaji ye yote akiona mzigo haulingani na karatasi, aweze kusimamisha upakiaji, wala asifukuzwe wala kukatwa mshahara kwa sababu hiyo.

Waajiri watasema ndege itachelewa. Ndiyo, itachelewa. Ile ya Charlotte iliondoka na hesabu ambayo hakuna aliyeisimamisha.

MHARIRI