Wazee Wakisusa, Nani Atasuluhisha?

Hapa Nyakato, Musoma, Mjita, Mluo, Mkurya na Mzanaki wanapanga vyumba katika nyumba moja, na adhana na kengele ya kanisa zinasikika mtaa mmoja. Uchumba unaovuka kabila au dini ni jambo la kutarajiwa. Kinachoumiza ni jibu la nyumbani: abadili dini kwanza, la sivyo hatupokei mahari. Tunavyoona sisi, kususa huko hakuzuii ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wanaooana, inaruhusu ndoa ya bomani, na haibatilishi ndoa kwa sababu tu mahari haikutolewa. Hata wasiofunga ndoa, wakiishi pamoja miaka miwili na majirani wakawajua kama mke na mume, sheria inawadhania kuwa wanandoa. Mzee aliyesusa amejiondoa tu mahali ambapo angesikilizwa.

Ukabila tunaweza kuumaliza mapema. Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alimwoa Mama Maria, Msimbiti wa Tarime, mwaka 1953, na ndoa ikadumu hadi Mwalimu alipofariki 1999. Atakayejibu kwamba wote wawili walikuwa Wakatoliki anasema kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Hofu ya wazazi kuhusu dini ina msingi: watoto watalelewa wapi, nani atarithi, marehemu atazikwa kwa ibada gani? Kanisa Katoliki linadai kibali maalumu kwa ndoa na asiyebatizwa, na Mkatoliki huahidi kujitahidi watoto wabatizwe. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inamruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa mwanamke Mkristo, ila binti wa Kiislamu haruhusiwi kuolewa na mwanamume Mkristo. Tena mjane asiye Mwislamu hamrithi mumewe Mwislamu.

Lakini shahada au ubatizo unaotamkwa kwa kumwogopa baba mkwe haujibu hata swali moja kati ya hayo. Unayaahirisha mpaka siku ya msiba, na tunaona ni kuidhalilisha dini inayodaiwa kulindwa. Majibu hupatikana kwa kukaa kikao kabla ya harusi. Fikihi hiyohiyo inamruhusu mume kumwachia mkewe Mkristo hadi theluthi moja ya mali kwa wasia. Wasia huandikwa mume angali hai, na wakwe waliosusa harusi hawatakuwa na uso wa kumkumbusha.