Sona ni VAR ya wavuvi, na msimu unapoanza ndipo inapouma

Weka pembeni msimamo wa ligi kwa dakika mbili. Kuna ubishi Marekani ambao shabiki yeyote aliyewahi kunyimwa bao na VAR atauelewa haraka, ingawa wenyewe wanabishania samaki.

Samaki huyo ni besi, yule mwenye mdomo mpana. Majirani zetu Kenya wanaye Ziwa Naivasha, alikopandikizwa miaka ya 1920. Marekani wamemfanyia ligi kabisa: kuna mabingwa wa kulipwa, wadhamini na matangazo ya moja kwa moja. Kwenye Bassmaster Classic, fainali kubwa kuliko zote, kila mvuvi anapeleka kwenye mizani samaki wasiozidi watano kwa siku. Anajumlisha uzito wa siku tatu, na samaki wanarudishwa majini wakiwa hai.

Machi 2025 fainali hiyo ilipigwa Ziwa Ray Roberts, Texas. Kijana wa miaka 22, Easton Fothergill, akaondoka na dola 300,000 na jumla ya karibu kilo 35. Akavunja rekodi ya Rick Clunn iliyodumu tangu 1984, enzi ambazo mvuvi aliruhusiwa kupima samaki saba kwa siku. Yaani dogo kampita mkongwe akiwa na samaki wachache zaidi. Si mchezo.

Kelele zinatokana na sona ya mbele, ambayo ilikuwa moja ya silaha za Fothergill. Ni kifaa kinachofungwa kwenye boti na kutuma mawimbi ya sauti majini, kisha kwenye skrini unamwona samaki pale pale anapoogelea. Unaona hadi chambo chako kikimkaribia, na unaona akikigeukia au akikikacha. Garmin waliingiza LiveScope sokoni mwaka 2018, na tangu hapo mambo yamebadilika.

Kwa nini inauma zaidi mwanzoni mwa msimu? Hapa ndipo utamu ulipo. Mwishoni mwa baridi besi wanakaa kwenye kina kirefu, wametulia. Maji yakianza kupata joto, wanasogea taratibu kuelekea pembezoni kutaga mayai. Majike yamejaa mayai, kwa hiyo ndio muda ambao samaki wana uzito mkubwa. Zamani, kujua leo wamefika wapi kwenye safari hiyo ilikuwa kazi ya kichwa: unasoma upepo, unapima joto la maji, unakumbuka ukingo gani hupata jua mapema. Maarifa hayo yalichukua miaka 20 kuyapata. Sasa kuna watu wanayapata kwenye skrini kwa dakika 20, ili mradi wana dola elfu kadhaa za vifaa.

Ukitaka kuona wakongwe walikuwa na nini, mwangalie Clunn huyo huyo. Februari 2019, akiwa na miaka 72, alishinda Mto St. Johns, Florida. Miaka 72, ndugu yangu! Lakini angalia uwanja: Florida ni maji ya kina kifupi yenye majani mengi, na sona ya mbele haina msaada mkubwa humo. Ray Roberts ina maji ya wazi yenye kina. Ni kama kuipeleka timu ya pasi fupi kwenye uwanja wenye matope halafu ukashangaa matokeo. Anayepanga ratiba ya mechi za mwanzo anachagua pia aina ya bingwa, hata kama hakukusudia.

Wasimamizi wamegawanyika. National Professional Fishing League waliipiga marufuku kuanzia 2025. Bassmaster Elite Series waliiacha msimu huo, ila wakabana idadi ya vifaa na ukubwa wa skrini. Bass Pro Tour walikuja na lao msimu wa 2025: siku ilikuwa na vipindi vitatu, na mvuvi aliitumia sona kwenye kimoja tu.

Mimi nasimama na Bass Pro Tour. Marufuku kamili inawaonea vijana waliojifunza mchezo na kifaa mkononi. Tena kumwona samaki si kumvua. Besi anaweza kukiangalia chambo chako mara kumi akakupuuza, na hapo ndipo ufundi unapotakiwa. Kubana ukubwa wa skrini nako hakubadilishi kitu, ni sawa na kuweka televisheni ndogo kwenye chumba cha VAR. Kipindi kimoja kati ya vitatu kinamlazimisha mvuvi kuamua. Atumie asubuhi wakati wengine bado wanatafuta, au asubiri mwishoni akiwa nyuma kwa pointi? Kocha mwenye sub moja mkononi anaijua presha hiyo.

Halafu kuna la mtazamaji. Mvuvi aliyeinamia skrini saa nane haburudishi mtu kwenye televisheni, na mchezo huu unaishi kwa wadhamini. Pengine hilo litaamua mapema kuliko hoja zote za haki.

Ratiba mpya zikitoka, msianze na majina ya wavuvi. Angalieni mechi mbili za kwanza zinapigwa kwenye maji ya kina gani.