Damu ku mukojo: tuombe kikopo ku vizite medikale

Kila mwaka tunapita ku vizite medikale. Munganga anapima macho, masikio, anatupiga radio ya mapafu, kisha anagonga kashe: "apte". Na mukojo? Wenzangu wengi wananiambia hakuna mutu amewahi kuwaomba hata kikopo kimoja. Na wale wanaoulizwa wanajibu kwamba yote iko muzuri, juu ya kuogopa ile kashe ingine, "inapte".

Mimi ni delege wa sendika, ile woga naijua. Mwenzetu mumoja, dereva wa kamyo kubwa, alikojoa damu siku mbili. Hakusikia maumivu. Akasema ni jua, ni kukosa maji. Damu ikaisha yenyewe, akashukuru Mungu, akarudi ku kazi. Hata bibi yake hakujua. Ilirudi mwaka uliofuata, na wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kwenda mbali.

Damu inayokuja bila maumivu, inaenda, kisha inarudi, mara mingi njo dalili ya kwanza ya kansa ya kibofu, ule mufuko unaochunga mukojo. Si kila damu ni kansa. Kuko mawe ya figo, kuko bilarzia ya mito yetu, kuko vidudu. Lakini kwa macho tu hakuna anayeweza kuachanisha, na bilarzia yenyewe ikikaa miaka mingi ndani ya kibofu inaweza kuleta kansa.

Watu wanasema kansa ni kifo, kwa hiyo kujua kuna faida gani? Hapo wanakosea. Munajua BCG, ile sindano ya kifua kikuu watoto wetu wanachomwa wakingali wadogo. Katika mwaka wa 1976, munganga mumoja wa Kanada, Morales, alitangaza kwamba alitia BCG moja kwa moja ndani ya kibofu cha wagonjwa tisa. Askari wa mwili wanaamuka, wanapiga kansa. Mpaka leo waganga wanaitumia kwa kansa ambayo haijaingia ndani ya nyama ya kibofu. Ikisha kuingia, mara mingi wanatoa kibofu kizima.

Na kwa wale ambao kansa imetawanyika mwilini, tangu miaka ya 1980 dawa kubwa ilikuwa sisplatini na ndugu zake, zinazotengenezwa na platini. (Sisi tunachimba shaba na kobalti, wengine wanachimba platini, na madini yao inaingia mu mushipa wa mugonjwa.) Mu mwezi wa kumi 2023, kule Madrid, watafiti walionyesha dawa mbili zinazotolewa pamoja, enfortumab vedotin na pembrolizumab. Kwa dawa za zamani, nusu ya wagonjwa walipita miezi 16. Kwa hizi mbili, nusu walipita miezi 31. Ni karibu mara mbili.

Sitawadanganya: bei ya dawa hizo si ya mushahara wetu. Hata BCG ya kibofu imekosekana mara mingi katika inchi za watajiri. Basi kwetu sisi faida kubwa ya utafiti iko upande mwingine: kujua mapema, na kujua ugonjwa unatoka wapi. Sigara ni ya kwanza. Maji yenye arseniki pia. Moshi wa mazutu, ule tunavuta nyuma ya mashini kila zamu, shirika la utafiti wa kansa la Lyon liliuandika katika 2012 kati ya vitu vinavyoleta kansa: kwa mapafu ni hakika, na kwa kibofu kuko alama.

Na kansa hii haina haraka. Inaweza kungoja miaka 20, hata 30. Maana yake inakuja wakati umekwisha kupewa pansio, kadi ya lopitali ya kampuni imerudishwa, na hakuna mutu anakumbuka ulivuta moshi gani. Kwa wale wa sutretansi ni mubaya zaidi: wao hata kadi hawakuwa nayo.

Ku konvansio kolektivi inayokuja, minaona tusibishane paka juu ya bonusi. Tuombe bandeleti ya mukojo kila mwaka, kwa wote, na wale wa sutretansi ndani. Ni kakaratasi ka bei ndogo, kanatiwa ndani ya kikopo, dakika mbili jibu liko. Hakaoni kansa, kanaona damu. Kisha munganga njo anatafuta chanzo. Jibu likae kati ya munganga na mufanyakazi, damu isigeuzwe kuwa barua ya kufukuza. Bila hiyo, wanaume wetu wataendelea kudanganya. Na wanaotoka ku kazi wafuatwe miaka mingi kisha pansio. Kampuni zitasema ni gharama. Kibofu kutolewa ni gharama gani?

Tudai pia maji safi na choo karibu na mashini. Wanawake wanaoendesha kamyo wanakataa kunywa maji zamu nzima juu hakuna pa kukojoa, kisha wanaunguzwa na mukojo wiki mbili.

Kikao cha madelege kikikaa, mambo haya nitayapeleka. Kwa sasa, mama, ukiona rangi nyekundu ku nguo ya baba, usingoje yeye aseme.