Tambi za Isiolo

Juzi huko Isiolo, bibi mmoja wa Kisomali alinifunza kutengeneza baasto, yaani tambi, kwa mkono: unga wa ngano na mayai, ukandwe mpaka uvutike, usukumwe, ukatwe nyuzi. Zangu zilitoka nene kama kamba za ngalawa. Wajukuu wakacheka!

Kijana mmoja akasema ati tunaiga Wataliani. Kweli, wao ndio waliozipeleka Somalia, walikotawala mpaka Waingereza walipowashinda 1941. Lakini Mtaliani gani huzila kwa mchuzi wa mbuzi wenye bizari, na ndizi mbivu kando?

Waliochukua wakageuza siwalaumu. Nawalaumu sisi wa pwani: tambi zetu za futari, za sukari na iliki, zote sasa ni za pakiti. Bibi aliniuliza kwetu hukandwaje. Nikanyamaza.