Mkwamo wa Wakubwa na Safu za Msikitini



Ndugu Waislamu, kura ni ushahidi, na ushahidi ni amana. Suratun-Nisaa, aya ya 58, imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe. Basi tuangalie amana ya mpiga kura wa Pemba ilikwendaje.

Mwaka 1995 CUF ilitwaa viti vyote 21 vya Pemba katika Baraza la Wawakilishi, na CCM ikapata 26, vyote vya Unguja. Katika urais, wagombea wawili walipishana kwa chini ya asilimia moja. CUF ikayakataa matokeo na kulisusia Baraza hadi muafaka wa Juni 1999. Miaka yote hiyo mkulima wa karafuu wa Mkoani alikuwa na mwakilishi aliyemchagua, lakini hana wa kumsemea. Hali ikajirudia baada ya uchaguzi wa 2000: damu ikamwagika Januari 2001, muafaka wa pili ukatiwa saini Oktoba, na waliopoteza viti kwa kususia wakasababisha uchaguzi mdogo wa 2003.

Mkwamo ule haukubaki Mjini Unguja. Uliteremka mpaka vijijini Pemba, watu wakawa hawauziani dukani, hawapandi gari la mwenziwe, wala hawazikani. Pakawa na waliomhama imamu kwa sababu ya kadi ya chama chake! Katika masharti ya uimamu waliyoyataja mafakihi, kadi ya chama haimo. Na kumsindikiza maiti ni haki ya Muislamu juu ya nduguye; hakuna katibu wa tawi mwenye mamlaka ya kuifuta.

Muafaka wa mwanzo na wa pili ilikuwa mikataba ya viongozi, na yote miwili ilivunjika. Maridhiano ya Novemba 2009 yalipelekwa kwa wananchi: tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66 na ushei waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa salama. Kwa maoni yangu, tofauti iko hapo. Lakini uchaguzi wa 2015 ulifutwa tarehe 28 Oktoba, CUF ikasusia ule wa marudio wa Machi 2016, na kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais kikabaki kitupu hadi 2020.

Mgogoro ukaingia ndani ya CUF yenyewe. Mahakama ilipoamua Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad alihamia ACT-Wazalendo, na matawi yakapakwa rangi mpya. Wengine waliliita jambo hili nguvu ya umma. Mimi naona pia udhaifu: chama kilichomfuata mtu mmoja kilibidi kijiulize upya alipofariki Februari 2021.

Hudaybiya, mwaka wa sita Hijria, masahaba waliuona mkataba mchungu, wakasita walipoamrishwa kuchinja. Mtume (S.A.W.) alisikiliza shauri la Ummu Salama, akatoka, akachinja na kunyoa mwenyewe kwanza, nao wakamfuata. Viongozi wa vyama watakapoafikiana tena, mkataba usomwe shehiani kabla ya saini, kisha wao wenyewe watangulie kwenye maziko ya wapinzani wao.