Kichujio Kifupi Kisiwafute Batembo

Katika kitivo chetu wengi hudhani kwamba kuchuja maneno kwa kompyuta ni kazi ya watu wa informatiki, na kwamba sisi wa lugha tunapaswa kusubiri matokeo tu. Sikubaliani nao.

Nilikuwa na orodha ya maneno niliyoyaandika kutoka mazungumzo ya Kiswahili huko Bunyakiri. Nilitaka majina ya watu katika wingi. Mwenzangu anayejua programu akaniandikia ruwaza ya alama tatu: ^wa. Alama ya kwanza ni mwanzo wa neno. Yaani, nipe kila neno linaloanza kwa wa-.

Ilikuwa fupi na safi, lakini ilileta maneno machache mno. Kivu tunasema batu, batoto, bamama. Hata Batembo, wenyeji wa Bunyakiri, walitoweka katika orodha iliyotoka kwao. Kompyuta haikulalamika. Hatari iko hapo: kichujio hakikuambii kilichoacha.

Tukaandika ^[bw]a, yaani b au w, kisha a. Batoto wakarudi, lakini pamoja na barua, baba na wakati. Mwenzangu akaanza kuongeza masharti: isiwe barua, isiwe baba, isiwe wakati. Mstari ukarefuka bila mwisho. Ndipo nikaelewa kwamba herufi hazijui ngeli. Tunaozijua ni sisi. Nikarudi kwenye orodha, nikaandika ngeli kando ya kila jina. Tangu hapo swali likawa sharti moja: ngeli iwe ya 2. Batoto na watoto wakatoka pamoja, barua ikabaki.

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi zaidi kusanifisha kwanza, kila batoto aandikwe watoto. Hapana. Huko ni kubadilisha ushahidi ili umfae shahidi mvivu. Wengine watasema kuandika ngeli kwa mkono kunakula siku nyingi. Ni kweli, lakini hufanywa mara moja, na kila swali la baadaye linafupika.

Kwa hiyo naomba somo la ngeli na somo la kuchuja data vifundishwe pamoja, tangu mwaka wa kwanza. Swali fupi ni zuri likiwa limebeba sarufi ya wasemaji wenyewe. Lisipoibeba, ufupi wake ni upungufu tu.