Mtaa Uchaguliwe na Anayebaki Nyumbani

Amri ya uhamisho haina desturi ya kuuliza hali za nyumbani. Haiulizi kama mtoto yu karibu na mtihani, wala kama mama wa nyumba amekwisha kupanda mihogo yake. Hufika kwa karatasi moja, na askari hana budi kufunga mizigo. Juma hili ukurasa wetu wataka kusema na wale waliopata amri ya kuhamia magharibi ya Uganda, Kasese au Bwera, ambao hawakupata nyumba kambini, na kwa hiyo watalazimika kutafuta nyumba ya kupanga uraiani.

Neno letu ni moja, nalo ni hili: mtaa na uchaguliwe na yule atakayebaki nyumbani. Askari akifika kituo kipya hukuta mambo yake yamekwisha kupangwa. Ana mkubwa wake, ana wenzake, ana zamu yake. Mkewe (au mumewe, maana siku hizi akina mama wenye sare si haba) hana lolote ila mlango wa nyumba na watoto. Askari ataitwa doria, atapelekwa mafunzoni, atakesha lindoni. Usiku mtoto akishikwa na homa, atakayetoka kutafuta dawa ni yule aliyebaki. Basi si haki nyumba ichaguliwe na mtu atakayelala humo nusu ya mwezi, tena kwa sababu tu iko karibu na kituo chake cha kazi au kodi yake ni nafuu.

Kasese ni mji mdogo ukilinganishwa na Kampala, lakini si mji mchanga. Reli ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na kazi ya machimbo ikawaleta watu wa makabila mengi. Uchimbaji huo mkubwa ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni hazifiki tena; hata hivyo mji uliendelea kukua, na mwaka 2010 ukapewa hadhi ya manispaa. Kwa sababu hiyo mgeni huonyeshwa nyumba mahali pengi: katikati ya mji karibu na soko, kaskazini kuelekea Rukoki yalipo makao makuu ya wilaya, au magharibi kwenye njia ya bondeni ipandayo Kilembe. Atatajiwa Nyakasanga, Kamaiba, Kirembe na Base Camp. Jina la mtaa peke yake lisimtoshe. Katika mtaa mmoja nyumba ya juu yaweza kuwa salama na ya chini ikawa mashakani, na mara nyingi kinachozitenga ni maji.

Mto Nyamwamba hutoka katika milima ya Rwenzori, hupita Kilembe, huteremka hadi Kasese, kisha huelekea Ziwa George. Wakati wa kiangazi ni mto mpole wenye mawe mengi, na mgeni akiutazama huona hauna madhara. Tarehe 1 Mei 2013 mto huo ulifurika ukachukua nyumba, madaraja na maisha ya watu. Mei 2020 ulifurika tena, pamoja na mito mingine ya wilaya hiyo, na hospitali ya Kilembe Mines iliharibiwa vibaya hata huduma zake zikahamishiwa mjini. Msomaji ataona kwamba mara zote mbili ulikuwa mwezi wa Mei, wakati wa mvua za masika. Mtu anayekodi nyumba mwezi wa Januari huonyeshwa uso wa kiangazi tu.

Basi anayekwenda kutazama nyumba na afungue macho. Atazame uani kama yapo mawe makubwa ya mviringo ambayo hayakuletwa na fundi. Atazame kuta kama zina alama ya tope iliyofunikwa kwa chokaa, au kama upande mmoja wa ukuta ni mpya na uliobaki ni wa zamani. Kisha aulize: mwaka 2020 maji yalifika wapi? Swali hili amwulize bibi mzee wa nyumba ya pili, asimwulize mwenye nyumba tu, kwa kuwa mwenye nyumba anatafuta mpangaji na bibi yule hana cha kuuza. Kuuliza si ujinga. Iwapo kodi ya nyumba ni nusu ya kodi za jirani, ipo sababu, na ni vema sababu hiyo ijulikane kabla ya kulipa.

Bonde hilo lina jambo la pili. Machimbo ya shaba yaliacha mabaki mengi, na mto umekuwa ukiyachukua. Uchunguzi uliofanywa bondeni umekuta madini kama shaba na kobalti katika udongo na maji. Kwa hiyo maji ya mto yasifanywe ya kunywa, na bustani ya mboga za watoto isilimwe kandokando ya marundo ya mabaki hayo.

Akisharidhika kwamba nyumba haiko njiani mwa mafuriko, anayebaki aitembee siku yake nzima kwa miguu. Aanzie bombani. Je, maji hutoka wakati wa kiangazi, au atalazimika kununua kwa jerikeni? Je, vyumba sita vinatumia mita moja, na hesabu hugawanywaje? Kisha aende sokoni na kurudi akiwa na kapu zito. Kasese iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na joto lake ni kali kuliko la Fort Portal au Kabale. Chumba chenye bati bila dari huwaka saa nane mchana, na mtoto mchanga hawezi kulala humo. Kivuli cha mwembe mmoja uani chapasa kuhesabiwa katika kodi.

Baada ya soko, aende zahanati. Mjini kuna kituo cha afya cha St. Paul's, na Rukoki kuna kituo cha serikali. Malaria ni adui wa kudumu huko, hivyo chandarua kiwe mzigo wa kwanza kufunguliwa. Lakini swali kubwa ni la usiku: saa nane za usiku, mtoto akiwa na degedege, nani atampeleka, na kwa njia gani? Kama jibu ni kwamba hakuna boda-boda anayefika mtaa ule baada ya saa tatu, nyumba hiyo haiwafai, hata ikiwa na sakafu ya vigae.

Juu ya shule, liko jambo ambalo wengi hawalifikiri mpaka mtoto anaporudi akilia. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda huagiza kwamba darasa la kwanza hadi la tatu watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, na darasa la nne ndipo Kiingereza hushika nafasi. Lugha kuu ya wilaya hii ni Lhukonzo. Mtoto wa darasa la pili aliyetoka Gulu au Soroti, akiwekwa katika shule ya pembeni, atakaa kama kiziwi. Shule za mjini zenye watoto wa lugha nyingi aghalabu hutumia Kiingereza tangu mwanzo, nazo zaweza kumfaa zaidi. Mwenye mtoto wa darasa la tano hana shida hiyo, na aweza kukaa mbali kidogo na mji. Hivyo umri wa watoto uamue mtaa, wala mtaa usiamue masomo ya watoto.

Sasa tuwageukie waliopangiwa Bwera. Mji huo uko kadiri ya kilomita 50 kusini-magharibi ya Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchi ya Kongo. Bwera ina fadhila zake. Soko la mpakani huleta mawese na vitenge kutoka Kongo, na kahawa, maharagwe na samaki wa upande huu. Kiswahili husikika sokoni kila siku, hata mgeni asiyejua Lhukonzo hapati taabu ya kununua chumvi. Ipo hospitali ya serikali, na kwenye njia ya Kasese iko hospitali ya Kagando iliyoanzishwa na wamisionari. Mwenye kupenda biashara ndogo hatakaa bure.

Lakini mpaka hupitisha mema na mabaya. Mwezi wa Juni 2019 wagonjwa wa Ebola wa familia moja waliotoka Kongo walitambuliwa huko Bwera; kwa juhudi ya wahudumu wa afya, ugonjwa haukuenea. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hatuyataji haya ili kuwatisha watu. Wenyeji wa Bwera wanalima, wanauza na kuoza binti zao kama watu wa mahali popote. Twayataja kwa sababu mzazi hupima kwa mizani iliyo kamili.

Ushauri wetu ni huu. Kama watoto ni wadogo, na hospitali na soko viko karibu, familia na ikae pamoja Bwera, karibu na barabara kuu na majirani wengi, mbali na vichochoro vya mtoni. Kama wako wa sekondari, waendelee na masomo Kasese au walikokuwa, na shule ya bweni isichaguliwe kabla ya kuuliza juu ya ua, malango na walinzi wake. Kugawa nyumba kuna gharama, maana ni kodi mara mbili na majiko mawili. Basi hesabu ifanywe na wote wawili mezani. Tena sare zisianikwe mahali pa kuonekana na wapita njia, na mkubwa wa kituo aulizwe kwanza juu ya usalama wa mtaa.

Limebaki la majirani. Mara mkifika, nendeni kwa mwenyekiti wa LC I mkajitambulishe na kuandikishwa. Msiingie mtaani kama watawala. Kasese ina majonzi yake: Novemba 2016, katika siku mbili, zaidi ya watu 100 waliuawa mjini na kandokando yake, wakiwamo walinzi wa mfalme wa Rwenzururu, raia na askari polisi. Huenda mjane wa siku zile ndiye atakayekuwa jirani yako. Familia yenye sare na iingie kwa unyenyekevu, ihudhurie misiba, ijifunze kusema "wasingya", yaani asante, na isikatae obundu, ugali wa muhogo, inapokaribishwa. Usiku ule wa degedege, jirani huyo ndiye atakayeamka.

Mwisho ni kodi. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inamzuia mwenye nyumba kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Andikianeni mkataba, na kila malipo yawe na stakabadhi. Nawe askari, lipa kwa siku yake. Sare si hati ya kusamehewa kodi, na deni la mume humwaibisha mke kila asubuhi anapopita mlangoni pa mwenye nyumba.

Ikiwezekana, askari atangulie peke yake, apange chumba kwa muda mfupi, kisha mwenzake aje siku mbili tatu aitembee mitaa hiyo mwenyewe. Nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko gharama ya kuhama mara ya pili. Akisharidhika na mto, bomba, zahanati, shule na majirani, akasema hapa nitaweza kukaa hata usipokuwapo, basi mizigo na ipakiwe.